Hali Hii Ni Ipi?

Maneno yaliyomkwaza yalikuwa mawili tu, "kwa kuwa", na Inspekta alikuwa ameshayapita mara kadhaa bila kuyaona.

Jalada lilionekana limekamilika. Sajenti alilitua mezani kama mtu anayetua mzigo wa kuni, akajipangusa mikono. Ndani mlikuwa na picha za ghala la mahindi, picha za chumba cha kulala kilichopakana nalo, ripoti ya daktari aliyepasua miili, maelezo ya majirani, maelezo ya shemeji wa mtuhumiwa, na juu kabisa maoni ya mtaalamu, kurasa mbili zenye muhuri wa taasisi ya utafiti wa nafaka. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mtunza ghala alifukiza mahindi kwa dawa mpya, vidonge vinavyotoa gesi ya kuua wadudu. Siku alipofungua ghala na kuanza kupakia lori la kinu, gesi ilipita kwenye tundu la hewa chini ya ukuta, ikaingia chumba cha pili. Mkewe na watoto wao wawili walikuwa wamejipumzisha humo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi la lori. Yeye, aliyekuwa akiingia na kutoka, alitapika tu. Wao hawakuamka.

"Saini tu, afande," Sajenti alisema. "Kesho asubuhi anapandishwa kizimbani. Jamaa alifungua ghala kabla ya siku zake. Profesa mzima kaandika."

Kituoni walimwita Inspekta kwa jina la Kimya, ingawa si mbele yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ambayo haikupanda wala kushuka, na walioanza kazi naye walisema hakuwa hivyo zamani. Aliisogeza karatasi ya Profesa karibu na dirisha, akasoma kwa sauti.

"'Kwa kuwa ghala lilifunguliwa kabla ya wakati uliowekwa, gesi ilikuwa bado haijaisha.'"

"Ndiyo hiyo."

"Nani alimwambia kwamba lilifunguliwa kabla ya wakati?"

Sajenti alikuna kidevu. "Si watu wamekufa, afande? Wangekufaje kama gesi ilishaisha?"

"Kwa hiyo tunajua alifungua mapema kwa sababu watu walikufa."

"Ee."

"Na watu walikufa kwa sababu alifungua mapema."

Sajenti aliinama kuitazama ile karatasi.

"Tunazunguka kama mbuzi kwenye kigingi," Inspekta alisema. "Mtu akianza na 'kwa kuwa', anakuambia: hili tumeshakubaliana, twende mbele. Mimi sijakubaliana na mtu. Hilo ndilo tulilomwomba atuthibitishie, na yeye ameanza nalo."

Alirudi kwenye maelezo ya mashahidi. Dereva wa lori alisema utepe wa onyo ulikuwa bado umebandikwa mlangoni alipofika, na kwamba ilikuwa siku ya nne tangu ghala lifungwe. Sajenti alikuwa ameandika pembeni: rafiki wa mtuhumiwa. Lakini mama mmoja jirani, ambaye hakuwa rafiki wa mtu yeyote na alikuwa na ugomvi na ghala hilo kwa sababu ya panya, alisema vilevile. Na mtunza ghala mwenyewe, tangu aletwe mahabusu, alijibu kila swali kwa jibu lilelile: alifuata karatasi, na kwa hofu ya watoto wake akaongeza siku moja.

"Karatasi gani?" Inspekta aliuliza.

"Ile ya maelekezo, inayokuja na dawa. Aliibandika mlangoni. Inasema siku ya tatu fungua." Sajenti alisita. "Imeandikwa na taasisi ileile."

Inspekta hakusaini. Alichukua funguo za gari, akamwashiria Sajenti amfuate.

*

Taasisi ilikuwa jengo la ghorofa mbili lenye harufu ya pumba. Taarifa zote za utafiti, aliambiwa mapokezi, hupita kwa mhariri kabla hazijachapishwa. Kama kuna mtu aliyeyashika mwisho maneno yaliyozaa karatasi ile ya mlangoni, basi ni yeye. Mhariri alikuwa bibi mmoja mnene wa mwili, mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Watafiti walimwita Mama Mkato. Wengine walisema ni kwa sababu alipenda alama ya mkato, wengine kwa sababu alikata bila huruma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukija na sare najua si habari ya nukta na mkato."

Inspekta aliweka mbele yake taarifa ya utafiti aliyopewa mapokezi, ambayo maelekezo yale yalitokana nayo. Kidole chake kilikuwa kwenye aya moja, ya mwisho.

"Nisomee hapa, mama. Kana kwamba hujawahi kuiona."

Mama Mkato alibadilisha miwani, akasoma:

*Siku ya tatu baada ya kufukiza, kipimo hakikuonyesha gesi yoyote ghalani. Hata hivyo, hali hii haikuonekana katika magunia yaliyoachiwa nafasi. Kwa hiyo, ghala linaweza kufunguliwa na kutumiwa kuanzia siku ya tatu.*

Akasoma tena, safari hii midomo ikitembea bila sauti.

"Hii siyo yangu," alisema.

"Ilipita kwako."

"Ilipita kwangu, lakini haikutoka hivi." Hakukasirika. Alisema kama fundi aliyeonyeshwa kiti kilichovunjika. "Wewe umeona nini?"

"Nimeona 'hata hivyo'," Inspekta alisema. "Mtu akisema 'hata hivyo' anageuza njia. Hapa sioni alikogeuka. Halafu nimeona 'hali hii'. Nikauliza, hali ipi? Nikarudi nyuma. Nyuma kuna hali moja tu, ya kutokuwa na gesi."

"Endelea."

"Ikiwa hali ni hiyo, basi sentensi inasema kwamba kwenye magunia yaliyoachiwa nafasi gesi ilikuwepo. Na bado mwisho anasema fungua."

"Upuuzi mtupu," Mama Mkato alisema kwa upole. "Lakini upuuzi uliovaa vizuri. Umeanza na 'hata hivyo', ukaja na 'kwa hiyo', msomaji anaona bawaba, anadhani kuna mlango." Alivua miwani. "Sikiliza, mwanangu. Wanaokuja kwangu nawaambia kitu kimoja. Sentensi iingie na kitu ambacho msomaji ameshakiona, itoke na kitu kipya. Ikianza na 'hali hii', lazima hali hiyo iwe imetangulia. Kama haipo, ama mwandishi ni mzembe, ama kuna sentensi imeng'olewa katikati. Na huyu mwandishi namjua, si mzembe."

"Wewe unakata sana, wanasema."

"Nakata. Lakini nikikata nashona. Ningeondoa sentensi ya katikati, nisingeiacha 'hali hii' inaning'inia kama mguu wa suruali usio na mguu ndani. Aliyekata hapa alikuwa na haraka, na hakurudi kusoma."

"Sentensi iliyoondolewa unaikumbuka?"

Mama Mkato alitikisa kichwa. "Sitakudanganya. Napitisha taarifa nyingi. Nakumbuka ilikuwa juu ya magunia. Muulize aliyeandika. Ni binti mmoja, mtafiti wa maabara ya pili. Yuko nyumbani, kajifungua."

"Na baada ya kutoka kwako, taarifa inaenda kwa nani?"

"Kwa mkuu wa maabara, kutiwa saini." Alizikusanya karatasi taratibu, akazigonga mezani ziwe sawa. "Kwa Profesa."

Inspekta aliandika. Kabla hajafika mlangoni bibi alimwita.

"Ni wale watoto wa ghalani, siyo? Waliotangazwa redioni?"

"Ndiyo, mama."

Mama Mkato aliitikia kwa kichwa, kisha akabaki ameshika miwani yote miwili mkononi, asijue ipi avae.

*

Mtafiti alifungua mlango akiwa na mtoto begani. Nyumba ilikuwa ndogo na safi, nepi zimeanikwa kwenye viti. Alimkaribisha Inspekta kwa adabu, akaomba radhi kwa fujo ambayo haikuwepo, akaendelea kumpigapiga mtoto mgongoni ili acheue.

Njiani Inspekta alikuwa ameamua namna ya kumuuliza. Hakumpa karatasi. Alimsomea aya yote kwa sauti, polepole, kisha akauliza tu:

"Hali hii ni ipi?"

"Gesi kutoka tena," Mtafiti alijibu papo hapo.

Sajenti, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alimtazama mkubwa wake. Mtu aliyejibu bila kufikiri kitu ambacho hakimo kwenye karatasi ni mtu anayejua kilichoondolewa, na anayejua kilichoondolewa huenda ndiye aliyekiondoa. Inspekta naye alifikiri hivyo. Aliketi kitini, akasogeza nepi moja.

"Umejuaje? Hapa hapasemi hivyo."

"Pamesema. Sentensi ya pili."

"Nionyeshe."

Mtafiti alimhamishia mtoto bega la pili, akapokea karatasi. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja mahali alipotarajia kukuta maneno yake, kikasimama. Kikarudi juu. Kikashuka tena. Mtoto alicheua maziwa kidogo mgongoni mwake, na yeye hakufuta.

"Haipo," alisema.

"Nani aliiondoa?"

"Mimi niliandika ipo. Ilikuwa hivi: 'Magunia yaliyobanana yalipohamishwa, gesi ilitoka tena kwa wingi.' Halafu ndiyo inakuja 'hata hivyo'. Na mwisho haikuwa ghala lolote tu, niliandika 'ghala ambalo magunia yake yameachiwa nafasi'." Alikuwa akiongea haraka sasa, lakini uso wake haukubadilika, kama mtu anayesoma tangazo la kituo cha basi. "Siwezi kusahau, kwa sababu kibarua mmoja alituangukia. Siku ile tulikuwa tumepanga magunia kwa kubananisha, mpaka darini, kama watu wanavyofanya kwao. Kipimo kilisema hakuna gesi. Tukamwambia haya, hamisha. Alivuta magunia machache tu akaenda chini. Tulimbeba mimi na Profesa, mmoja miguuni, mmoja kwapani. Gesi ilikuwa imejificha katikati ya magunia, kipimo kisingeiona."

"Profesa alikuwepo."

"Yeye ndiye aliyesema niandike hilo."

"Taarifa ilipotoka, hukuisoma?"

"Nilikuwa hospitali." Aliangalia mtoto. "Waliniletea nakala nyumbani. Niliona jina langu, nikaiweka kabatini. Huisomi tena kazi yako. Ukiitazama, unaona ulichoandika, siyo kilichopo."

Inspekta alimwamini. Aliyekata angekuwa mwangalifu na jibu lake. Huyu sentensi ilikuwa bado nzima kichwani mwake, aliisikia ikisomwa hata pale isiposomwa.

"Ulisikia habari ya ghala?"

"Nilisikia redioni. Walisema alifungua mapema." Sauti ilipungua. "Nikasema, maskini, hakusoma maelekezo. Nikasema hivyo hapa hapa, nikiwa nanyonyesha."

Hakulia. Alikwenda kumlaza mtoto, akakaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumlaza mtoto. Aliporudi alikuwa amebadilisha nguo, amevaa viatu, ameshika mkoba.

"Rasimu yangu ipo kwenye kompyuta ya maabara. Tarehe zote zipo. Mama yangu anakuja sasa hivi kukaa na mtoto. Twende."

*

Profesa alikuwa mtu wa heshima, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linakaribia kuvunjika. Rafu nyuma yake zilijaa chupa za mahindi: meupe, ya njano, mengine yametobolewa na wadudu. Aliagiza kahawa kabla ya kuulizwa chochote.

"Nilidhani maoni yangu yalitosha, Inspekta."

"Yametusaidia sana. Nina swali dogo tu la lugha."

Profesa alitabasamu. Inspekta alimwekea aya ileile, akasubiri amalize.

"Taarifa hii imekamilika? Hakuna kilichopungua?"

"Ndivyo nilivyoitia saini."

"Hali hii ni ipi?"

Hakujibu haraka kama Mtafiti. Macho yalishuka, yakapanda, yakatulia. Alikuwa mtu mwenye akili, na alichagua jibu ambalo karatasi ilimruhusu.

"Ni hali ya kutokuwa na gesi. Imetajwa hapo juu."

"Kwa hiyo, katika magunia yaliyoachiwa nafasi, gesi ilikuwepo siku ya tatu."

"Hapana. Yakiachiwa nafasi gesi inatoka yote. Hilo mtoto wa shule analijua."

"Basi hali hii siyo ya kutokuwa na gesi."

Kahawa ililetwa, ikawekwa, aliyeileta akaondoka.

"Ni suala la tafsiri," Profesa alisema.

"Sawa. Nitafsirie. Ama taarifa imekamilika, na inasema kwamba magunia yenye nafasi yalibaki na gesi, na wewe ukaandika fungua. Ama haikukamilika, na unajua kilichokuwa katikati. Chagua moja. Nitaandika utakalochagua. Na huna lazima ya kusema lolote. Utakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani."

Alisema onyo hilo kwa sauti ileile aliyoulizia habari ya lugha. Profesa alikigusa kikombe, akakigeuza mshikio ukaangalia upande mwingine.

"Nani amekufundisha kusoma hivi?"

"Nasoma maelezo ya watuhumiwa. Mtu akidanganya, sentensi zake haziko tayari kushikana mikono."

Profesa aliangalia chupa za mahindi kana kwamba mojawapo ingemjibia. Aliposema, alisema kwa sauti ya darasani.

"Maelekezo yalitakiwa yakae ukurasa mmoja, kwa herufi kubwa. Yasomwe na mtu aliyesimama mlangoni mwa ghala. Hayakuingia. Nilianza kupunguza. Ile sentensi ya magunia kubanana iliharibu mtiririko. Unasema hakuna gesi, halafu unasema ipo, halafu unasema haipo. Mkulima hasomi 'ingawa', Inspekta. Mkulima anataka kuambiwa funga, fungua. Nikaitoa kwenye maelekezo, na ili taarifa isipingane na maelekezo, nikaitoa na huko."

"Hukumwambia aliyeandika."

"Alikuwa ana uchungu wa kujifungua. Nilikusudia kumwambia."

"Na yule kibarua aliyeanguka?"

Profesa alikisogeza kikombe pembeni.

"Mtunza ghala alisoma," Inspekta alisema. "Alibandika ukurasa wako mlangoni. Ulisema siku ya tatu, yeye akaongeza siku moja kwa hofu ya watoto wake. Amefungua siku ya nne. Kuna mashahidi wawili, na mmoja hampendi."

"Sikujua hilo."

"Hukuuliza. Ulijua lini kuwa ni ile sentensi?"

Hapo sauti ya darasani ilikatika. "Mliponiletea picha za ghala. Magunia yalikuwa yamebanana mpaka darini. Nilitazama picha moja tu, nikajua."

"Na ukachukua kalamu ukaandika 'kwa kuwa'."

"Nilijiambia, lazima alifungua mapema. Inawezekana alifungua mapema. Watu wanafungua mapema kila siku."

"Ulijiambia. Kisha ukatuambia sisi. Mtu amelala sakafuni mahabusu, hajazika mke wala watoto, kwa sababu ya ulichojiambia."

Inspekta alifunga daftari. Sajenti alisogea mbele akiwa na pingu, lakini yeye aliinua mkono kidogo.

"Karatasi hii iko kwenye milango mingapi?"

Profesa aliinamisha kichwa. "Kila dawa inapouzwa."

"Na huu ni msimu wa mavuno."

"Ndiyo."

Ndipo Inspekta alipofanya jambo ambalo Sajenti hakuwahi kumwona akilifanya: alitoka ofisini mbio. Mtafiti na Mama Mkato walikuwa wamekaa kwenye benchi la ukumbini. Akawaambia anahitaji tangazo la redio, sasa hivi, la mtu anayesikiliza huku mkono uko kwenye komeo.

Mtafiti aliandika kwenye goti: *Usifungue ghala lililofukizwa kwa dawa mpya ikiwa magunia yamebanana.*

"Hapana," Mama Mkato alisema. "'Ikiwa' yako iko mkiani. Mwenye magunia ya kuachana anaogopa bure, na mwenye magunia ya kubanana redio inaweza kumkatikia kabla hajaifikia. Anza na yeye mwenyewe."

Mtafiti alikata, akaandika tena: *Kama magunia yako yamebanana, usiyaguse. Yakiguswa yanatoa gesi inayoua. Kwa sababu hiyo, toa watu kwanza katika vyumba vyote vinavyopakana na ghala, kisha piga simu taasisi.*

Mama Mkato alipitisha kidole kwenye mwanzo wa kila sentensi, kama mtu anayehesabu watoto wakipanda gari. Kama. Yakiguswa. Kwa sababu hiyo.

"Inashikana," alisema. "Ipeleke."

Inspekta aliisoma kwenye simu, neno kwa neno, mara mbili. Tangazo lilitoka kabla hawajafika kituoni. Walilisikia kwenye redio ya gari, Profesa akiwa kiti cha nyuma, mikono mapajani. Sajenti aliongeza sauti.

*

Mtunza ghala aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mtu mrefu aliyejifunza kujikunja. Sajenti alimvutia kiti, jambo ambalo hakulifanya siku zilizotangulia, kisha akatoka bila kumtazama usoni.

Inspekta alimweleza yote kwa mpangilio, bila kuruka. Aliyeandika. Aliyekata. Gesi ilivyojificha katikati ya magunia. Kwamba mashtaka yameondolewa na wakili wa serikali ameshaambiwa. Mtunza ghala alisikiliza akiangalia meza.

"Kwa hiyo ni pale nilipoyavuta," alisema mwishoni. "Ndipo ilipotoka."

Inspekta angeweza kuzunguka. Hakuzunguka.

"Ndiyo. Ndipo ilipotoka."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kidogo kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu kuliko kifungo:

"Nilisoma vizuri?"

"Ulisoma vizuri."

"Kwa sababu nimekuwa najiuliza humu ndani. Nairudia ile karatasi kichwani, mstari kwa mstari. Nasema, labda kuna mstari niliuruka. Nilikuwa na haraka, lori linanguruma nje. Labda uliandikwa nikaupita."

"Hukuupita," Inspekta alisema. "Haukuwepo."

Mtu yule alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Mabega hayakutikisika. Inspekta alibaki kitini. Hakukuwa na swali lililosalia la kuuliza, na kwa utaratibu angekuwa ameshaondoka, lakini alikaa mpaka viganja viliposhuka vyenyewe.

Nje, karibu na kaunta, alikuwepo dada wa yule marehemu mke. Yeye ndiye aliyefungua malalamiko, na maelezo yake ndiyo yaliyokuwa makali kuliko yote kwenye jalada. Alikuja kuuliza kesho kesi inaanza saa ngapi, aje na ndugu. Inspekta alimketisha, akamwambia. Ilichukua muda, kwa sababu dada alikuwa akimrudisha nyuma: nani alikata, kwa nini alikata, ili iweje. Jibu la ukurasa mmoja wa herufi kubwa hakulielewa, akaomba arudiwe. Aliporudiwa akaonekana amelielewa, na ikawa vibaya zaidi.

"Nilisema makaburini," alisema. "Mbele ya watu wote. Nilishika udongo nikasema aliyewaua yuko kituoni anakula bure."

Inspekta alisogeza kiti chake karibu naye.

"Yeye hajayaona," dada alisema baadaye. "Makaburi. Hakuletwa siku ile. Mimi ndiye niliyewaambia ninyi msimlete."

"Nakumbuka."

Walimrudishia mtunza ghala mkanda wake na simu iliyokwisha chaji. Alitia sahihi, akashukuru kwa mazoea, akatoka kwenye mwanga wa uwanja wa kituo. Alipofika langoni alisimama. Kulia kulikuwa na barabara ya nyumbani kwake, ambako ghala na chumba vilikuwa vimefungwa kwa utepe wa polisi. Kushoto hakuwa na mtu. Alisimama kama aliyesahau alichotumwa.

Dada wa mkewe alikuwa ameshampita, ameshavuka lango, mtandio ameuvuta hadi usoni. Alitembea hatua kadhaa. Kisha akageuka, akarudi mpaka alipo, akamshika mkono wa shati, siyo mkono wenyewe.

"Siyo huko," alisema. "Ni huku, shemeji. Nitakuonyesha walipo."